Hilux ya 5L au Hilux ya D-4D: ipi inamfaa mtu wa Mwanza anayetengeneza gari lake kwa mikono yake

Mtu anayetafuta pikapu ya dizeli iliyokwisha kutumika jijini Mwanza, iwe ni ya kubebea samaki kutoka mwalo wa Kirumba, saruji kwenda Kisesa au mazao kutoka Magu, mara nyingi hujikuta anachagua kati ya magari mawili: Hilux ya zamani yenye injini ya 3L au 5L, na Hilux iliyoifuata, ambayo wengi huiita Vigo, yenye injini ya D-4D. Ulinganisho huu unamhusu mnunuzi wa aina moja, yaani yule ambaye amekusudia kununua spana zake, kujifunza, na kulitengeneza na kuliboresha gari hilo mwenyewe uani kwake, akimwendea fundi kwa kazi chache tu zinazohitaji mashine. Kwa mtu huyo, swali linalotangulia mengine yote ni hili: gari likizima njiani, je, ataweza kulitambua kosa kwa vifaa alivyo navyo? Uzuri wa bodi, starehe ya viti na hata nguvu ya injini vinafuata baadaye.

Hilux za kundi la kwanza ni zile zilizotengenezwa kati ya 1988 na 2005. Injini ya 3L ina ujazo wa cc 2,779 na ya 5L ina cc 2,986; zote zina silinda nne, hazina tabo (kifaa cha kusukuma hewa ya ziada kwenye injini), na pampu yao ya dizeli huendeshwa na mkanda uleule wa taiming unaozungusha kemshafti. Kundi la pili lilianza kutoka kiwandani mwaka 2004 na likadumu hadi 2015, likiwa na injini ya 2KD ya cc 2,494 au 1KD ya cc 2,982. Hizi zina tabo na valvu 16, na dizeli yake hukusanywa kwanza kwenye bomba moja la shinikizo kubwa, ambalo mafundi huliita reli, kabla ya kompyuta kuamuru kila nozeli, yaani kinyunyizi cha dizeli cha silinda, ifunguke lini na kwa muda gani.

Kabla ya kwenda mbali, mnunuzi wa kundi la kwanza aangalie herufi moja. Ipo injini ya 5L na ipo 5L-E, na hiyo ya pili ina pampu inayoongozwa kwa umeme. Kila sifa ninayoitoa hapa kuhusu wepesi wa kutengeneza inahusu 3L na 5L ya kawaida, yenye kebo inayotoka kwenye pedeli na kuvuta mkono wa pampu moja kwa moja.

Nguvu, na hewa ya kando ya ziwa

Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mji wenyewe unapanda vilima kutoka hapo. Kwa mwinuko huo hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam au Tanga kwa takriban asilimia 12, na injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho, kwa kuwa haina namna nyingine ya kujaza silinda. Ndiyo maana Hilux ya 5L iliyobeba tani moja hupanda kilima cha Bugando kwa gia ya pili huku ikitoa moshi, hata kama haina kasoro yoyote. Injini ya D-4D haisikii tofauti hiyo kwa kiasi kikubwa, maana tabo husukuma hewa ya ziada kufidia upungufu.

Kwa takwimu za kiwandani, pengo ni kubwa hata kabla ya kupanda mwinuko. Injini ya 5L haifiki kilowati 80 katika matoleo yake, na nguvu yake ya kuvuta ni karibu Nm 200, ilhali 1KD hutoa karibu kilowati 120, na nguvu yake ya kuvuta kwa gari la gia za mkono ni Nm 343. Anayesafirisha mzigo kwa lami ndefu, kwenda Musoma, Shinyanga au Geita, ataliona pengo hilo kila siku. Tangu Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lilipofunguliwa kati ya Kigongo na Busisi mwezi Juni 2025, safari ya kwenda Sengerema na Geita haimlazimishi tena mtu kusubiri kivuko, na biashara ya njia hiyo imekuwa ya mwendo wa mfululizo. Kwa kazi ya namna hiyo D-4D inashinda waziwazi.

Mfumo wa mafuta, penye tofauti kubwa kuliko zote

Injini ya 5L inahitaji vitu vitatu ili iwake: dizeli safi isiyo na hewa ndani yake, mgandamizo wa kutosha, na waya mmoja wenye umeme unaofungua solenoidi, yaani valvu ya sumaku iliyo juu ya pampu. Baridi ikiwepo huongezeka hita plagi, zinazopasha silinda moto kabla ya kuwasha. Mtu mwenye testa ya taa na spana za kawaida anaweza kuvikagua vyote hivyo kandokando ya barabara.

Chukua mfano wa injini inayotetemeka na kukosa silinda moja. Kwenye 5L unaiacha inguruma taratibu, unachukua spana ya 17, na unalegeza nati ya bomba la nozeli ya kwanza kidogo tu hadi dizeli ianze kutoka. Ukisikia mlio wa injini umebadilika, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi, kwa hiyo unaikaza na kuhamia inayofuata. Ukifika kwenye silinda ambayo kulegeza bomba lake hakubadilishi chochote, umeipata. Kisha unaizima injini, unaondoa mabomba, unaingiza soketi ndefu ya 27 na kuitoa nozeli hiyo pamoja na washa zake, yaani pete za kuzibia. Nozeli hizi hufunguka kwa shinikizo la karibu bar 150, na mafundi wa pampu na nozeli wana mashine ya mkono ya kuzipima mbele yako: nozeli nzima hunyunyiza ukungu mwembamba na kukata ghafla, ilhali iliyochakaa hudondosha matone kwenye ncha. Unarudi nyumbani na nozeli zilizopimwa, unaweka washa mpya, kwa sababu zile za zamani zimekwisha kubonyea na hazitaziba tena, unaondoa hewa kwa kubonyeza pampu ndogo iliyo juu ya filta, na kazi imekwisha.

Kosa hilohilo kwenye D-4D halitafutwi hivyo, na hapa naomba msomaji asome kwa makini. Shinikizo ndani ya reli linaweza kuvuka bar 1,000 injini ikifanya kazi, na dizeli inayotoka kwa nguvu hiyo kwenye nati iliyolegezwa inapenya ngozi na kuingia mwilini, jeraha ambalo linaweza kumfanya mtu akatwe kidole au mkono. Haifai kabisa kulegeza bomba la shinikizo la D-4D wakati injini inanguruma, hata kama fundi jirani anakuhakikishia kuwa amewahi kufanya hivyo. Njia iliyo salama ni kupima kiasi cha mafuta yanayorudi kutoka kila nozeli kwa vichupa vinne vyenye alama sawa, kisha kulinganisha: nozeli ambayo chupa yake inajaa haraka kuliko nyingine ndiyo inayovuja kwa ndani. Kipimo hiki mtu anaweza kukifanya nyumbani kwa mipira na vichupa vya bei ndogo. Kinachofuata ndicho kigumu, kwa kuwa nozeli za magari mengi ya kundi hili zina namba ya ulinganishi iliyochapwa juu yake, ambayo lazima iingizwe kwenye kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, kwa mashine maalumu ili kompyuta ijue tabia ya nozeli hiyo mpya. Hata kuzifanyia ukarabati kunahitaji benchi ya kisasa ya kupimia nozeli, na si kila anayejiita fundi wa nozeli anayo.

Hata hivyo D-4D ina jambo moja ambalo 5L haina: inasema yenyewe. Kifaa kidogo cha kusomea kodi, yaani namba za makosa zinazotunzwa na kompyuta ya gari, kinachounganishwa na simu, kinaweza kukuonyesha mengi ambayo kwenye gari la zamani ungeyapata kwa kubahatisha. Kodi ya P1229, kwa mfano, ikiambatana na injini inayopanda na kushuka mlio au kuzima ghafla, mara nyingi inaelekeza kwenye valvu ndogo iliyo kwenye pampu inayopima kiasi cha dizeli kinachoingia. Valvu hiyo imeshikiliwa na bolti mbili, na mtu msafi wa mikono anaweza kuibadilisha mwenyewe. Nasema msafi kwa kukusudia, kwa sababu punje ya vumbi isiyoonekana kwa macho, ambayo pampu ya 5L ingeimeza bila taabu kubwa, inatosha kuharibu nozeli ya D-4D. Kazi hii haifanyiki uani siku ya upepo, na kila tundu lililofunguliwa lazima lifunikwe kwa nailoni safi papo hapo.

Dizeli ya dumu

Hapo ndipo mazingira ya ziwani yanapoingia katika hesabu. Katika mialo na visiwa vingi dizeli huuzwa kwa madumu na mapipa, humiminwa kwa mpira, na pipa linapokaa usiku kucha likiwa nusu tupu hujikusanyia maji kutokana na unyevu wa hewa. Maji hayo huharibu mfumo wowote wa dizeli. Kwenye 5L mara nyingi yataifanya injini ikohoe, nawe utafungua kizibo cha chini ya filta, utamwaga maji, utaondoa hewa na kuendelea na safari, ingawa pampu iliyoachwa na maji kwa wiki kadhaa itashika kutu kwa ndani. Kwenye D-4D hasara huja upesi zaidi na ni ghali zaidi, kwa kuwa pampu, reli na nozeli zote nne ziko kwenye njia moja, na kipande cha chuma kilichomeguka kwenye pampu husambazwa hadi mwisho wa mfumo.

Kwa sababu hiyo, boresho la kwanza ninalolipendekeza kwa magari yote mawili, kabla ya redio, rimu au taa, ni filta ya ziada yenye kikombe cha kutenganisha maji, ifungwe kati ya tangi na filta ya kiwandani, mahali ambapo kikombe kinaonekana ukifungua boneti. Kwenye 5L ni tahadhari nzuri. Kwenye D-4D inayofanya kazi Ukerewe au Kome ni ya lazima. Ukubwa wa filta hiyo uendane na injini, maana filta ndogo mno huifanya pampu inyonye kwa shida na kuleta kasoro ambayo haikuwepo.

Joto

Hapa 5L inapoteza alama, na wanaoisifu sana huwa wanalipitia jambo hili harakaharaka. Injini za ukoo wa L zinajulikana kwa silinda hedi inayopasuka baada ya kuchemsha, hasa katikati ya matundu ya valvu. Maji ya kawaida kwa mwinuko wa Mwanza huchemka karibu nyuzi 96, si 100, kwa hiyo mfuniko wa rejeta wenye springi iliyochoka, ambao unashindwa kushikilia shinikizo, unakuletea mchemko mapema kuliko ungetokea pwani. Mfuniko ni kitu kidogo sana, lakini ukilegea unaweza kukugharimu silinda hedi nzima.

Mwenye 5L anayejitengenezea gari anapaswa kuanza na mfumo wa kupoza: rejeta isafishwe kwa ndani na nje, mfuniko na themostati vibadilishwe, klachi ya feni ikaguliwe kama bado inashika injini ikipata moto, na maji ya bomba yaachwe, pawekwe kuleni (kimiminika cha kupoza injini) iliyochanganywa kwa kipimo. Kisha afunge geji ya joto yenye namba, kwa sababu mshale wa kwenye dashibodi husimama katikati kwa muda mrefu na kupanda wakati hasara imekwisha kutokea. Kazi zote hizo ni za siku mbili za mwisho wa juma na hazihitaji mtaalamu. Ikiwa injini imekwisha kuchemsha na hedi imefunguliwa, hedi ipelekwe ikapimwe nyufa kwa shinikizo kabla ya kuchongwa usawa; kuweka gasketi mpya juu ya hedi iliyopasuka ni kulipia kazi hiyohiyo mara mbili.

D-4D inavumilia joto vizuri zaidi, lakini ina maradhi yake ya siri. Washa za shaba zilizo chini ya nozeli zikichoka, moshi wa mlipuko hupenya na kuingia kwenye oili, oili huzaa masizi mazito kama lami, na masizi hayo hushuka na kuziba chujio la pampu ya oili lililo ndani ya sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Matokeo ni injini kunoki ikiwa na oili ya kutosha kwenye kijiti cha kupimia, jambo linalowashangaza wengi. Dalili yake ya mapema ni mlio wa pumzi, chaf chaf chaf, injini ikiwa baridi, pamoja na ukoko mweusi unaouona ukifungua mfuniko wa oili. Anayenunua 1KD bila kujua historia yake, basi kazi ya kwanza iwe kufungua sampu ya chini na kuliangalia chujio hilo kwa macho yake. Ni kazi ya kulala chini ya gari kwa saa chache, inahitaji stendi imara, gundi ya gasketi na subira ya kung'oa sampu iliyoganda bila kuipinda.

Mkanda, umeme na kuchomelea

Kuhusu mkanda wa taiming sitarefusha. Wa 3L na 5L hubadilishwa kila kilomita 100,000, wa D-4D kila kilomita 150,000, na katika zote mbili ukikatika valvu hugongana na pistoni. Kwa kuwa odomita za magari yaliyotumika haziaminiki, badilisha mkanda pamoja na beringi zake mara tu unapolipata gari, na kabla ya kuondoa ule wa zamani panga alama zote na uzipige picha. Kwenye 5L chora pia mstari kwenye pampu na kwenye kitako chake ikiwa utaigusa, kwani pampu iliyogeuka hata kidogo hubadilisha wakati wa kupuliza dizeli.

Umeme wa 5L ni mchache kiasi kwamba mtu mwenye mita ya bei nafuu anaweza kuufuata wote kwa siku moja. Ule wa D-4D una sensa nyingi, na hapa kuna tahadhari inayowahusu watu wetu hasa, ambao hupenda kuchomelea: kerea, reli za pembeni, bampa, ndoano ya kuvutia mtumbwi. Kabla fundi wa kuchomelea hajawasha mashine kwenye gari la D-4D, tenganisha betri na uchomoe soketi za kontroli boksi, na waya wa ardhi wa mashine ushikwe karibu kabisa na mahali panapochomelewa. Kwenye 5L ya kawaida kutenganisha betri na alteneta kunatosha.

Mambo yaliyo sawa kwa yote mawili

Chini ya sakafu magari haya yanafanana zaidi kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa yote yana difu ngumu na springi za pasi nyuma. Kazi za huku ndizo nzuri kwa anayeanza kujifunza.

Wale wanaorudisha gari kinyumenyume hadi majini ili kupakia samaki au kuvuta mtumbwi wafahamu kinachotokea ndani ya difu. Difu iliyotoka safarini ina moto. Ikizama ghafla kwenye maji ya ziwa hewa iliyo ndani hupoa na kusinyaa, na kama kipumulio kilicho juu yake kimeziba au kimezama, maji hunyonywa kupitia sili. Baada ya miezi michache unafungua nati ya kujazia oili na kukuta kitu cheupe kama chai ya maziwa, na beringi zimekwisha kuanza kulia. Dawa yake ni mpira mwembamba unaofungwa kwenye kipumulio na kupandishwa hadi juu, nyuma ya taa au kando ya tundu la tangi, ukiishia na filta ndogo. Sijaona boresho lingine lenye faida kubwa namna hiyo kwa gharama ndogo hivyo, na halijali injini iliyo mbele ni ipi. Mkonga wa kuvutia hewa juu nao unasaidia katika mito ya msimu wa masika, alimradi viungio vyake vyote visipitishe vumbi. Mkonga unaovuja katikati ni mbaya kuliko kutokuwa nao.

Jingine ni kuongeza pasi za springi, jambo ambalo karibu kila mwenye pikapu ya mzigo hulifanya. Hilux nyingi za makundi haya zina valvu ya breki iliyo juu ya difu, yenye fimbo inayopima jinsi nyuma ilivyobonyea kwa mzigo na kuruhusu breki za nyuma zishike zaidi au kidogo. Ukiinua nyuma kwa kuongeza pasi bila kurekebisha fimbo hiyo, valvu hudhani gari halina mzigo wakati wote, na breki za nyuma hubaki dhaifu hata ukiwa umebeba tani moja ukishuka mlima. Wengi wanaoongeza pasi hawaigusi fimbo hiyo, nami naiona kuwa hatari kubwa kuliko springi zilizolegea.

Kutafuta nguvu zaidi

Mwenye 5L hushawishiwa kufunga tabo, na mwenye D-4D hushawishiwa kununua kisanduku cha kuongeza nguvu. Kwa 5L jibu langu ni hapana. Uwiano wake wa mgandamizo ni karibu 22 kwa 1, ilhali 1KD, iliyobuniwa kwa ajili ya tabo, ilianza na karibu 18 kwa 1. Kusukuma hewa zaidi kwenye injini ya mgandamizo mkubwa namna hiyo, yenye hedi inayojulikana kwa kupasuka, ni kununua nguvu ya miezi michache. Hata kuongeza mafuta kwa skrubu ya pampu hakufai hapa kwetu, kwa kuwa hewa ni chache tayari na dizeli ya ziada itatoka kama moshi mweusi na joto kali. Pampu iliyowekwa sawasawa, nozeli zilizopimwa, filta safi ya hewa na klirensi (nafasi) za valvu zilizorekebishwa kwa shimu, yaani visahani vya unene, sahihi vitaipa 5L nguvu yake halisi, ambayo madereva wengi hawajawahi kuiona.

Kwa D-4D nguvu ipo tayari. Fedha ya kisanduku itumike kubadilisha oili kila kilomita 5,000 kwa filta nzuri, maana tabo na nozeli huishi kwa oili na usafi.

Spea na mafundi

Spea za 3L na 5L zimeenea kote, kuanzia maduka ya mjini hadi Sengerema na Nansio, na hilo ndilo tatizo vilevile, kwa sababu bandia nazo zimeenea. Kwa nozeli, beringi za krenki, mkanda na gasketi ya hedi ningelipa zaidi na kununua halisi. Kwa vioo, taa na bushi za springi si lazima. Spea za D-4D zinapatikana mjini, lakini nozeli na pampu za mtumba ninazikataa kabisa, kwa kuwa hakuna njia ya kuzijua bila benchi. Injini nzima ya mtumba ya 5L inaweza kupimwa mgandamizo dukani na kufungwa na watu wawili wenye winchi. Ya D-4D lazima ije na kontroli boksi yake, waya zake na sensa zake, la sivyo utakuwa umenunua chuma. Anayetaka msingi imara wa kazi hizi asione haya kusoma kozi ya ufundi wa magari katika chuo cha VETA.

Zipo pikapu nyingine, nami nitazitaja kwa ufupi. Nissan Hardbody yenye TD27 ya cc 2,663 haina mkanda wa taiming kabisa, inatumia gia, na kwa ugumu wa injini hainyimwi sifa, ila spea zake hazipatikani kwa urahisi kama za Toyota. Land Cruiser ya 1HZ, cc 4,164, ina wepesi uleule wa kutengenezeka, lakini bei yake inaiweka katika mjadala mwingine.

Uamuzi

Anayeishi au kufanya kazi visiwani, au kwenye mialo ambako spea hufika kwa boti na mashine ya kusomea kodi haipo, achukue 5L, hata kama D-4D inauzwa kwa bei ileile. Anayeanza kujifunza ufundi achukue 5L vilevile, kwa kuwa kila sehemu yake inaonekana na inagusika, na makosa yake hujieleza kwa mlio, moshi na harufu. Anayebeba mzigo mzito kwa lami mara kadhaa kwa wiki, anayejaza dizeli vituoni mjini, na aliye tayari kununua kifaa cha kusomea kodi na kumlipa fundi wa benchi anapohitajika, achukue 1KD, na hatajuta akiitunza. Kuhusu 2KD, ninaiona kama chaguo la kati lisilo na sababu kubwa: ina ugumu wote wa mfumo wa reli lakini haina nguvu ya ndugu yake mkubwa.

Lolote utakalochagua, lifuate asubuhi na mapema na umwombe muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Gusa injini kwanza uhakikishe ni ya baridi, fungua rejeta uangalie kama kuna mafuta juu ya maji, kisha liwashwe huku umesimama nyuma ukitazama moshi: mweupe unaoendelea unaashiria nozeli au mgandamizo, wa buluu unaashiria oili, mweusi unaashiria hewa kidogo au dizeli nyingi. Injini ikiwa inanguruma, legeza mfuniko wa oili. Mfuniko ukirukaruka na kutoa moshi mwingi, ringi za pistoni zimechoka. Lala chini utazame chesisi nyuma ya kabini, mahali ambapo maji ya barafu ya samaki hutiririkia, na ugonge kwa bisibisi kutafuta kutu iliyofunikwa kwa rangi. Halafu soma namba iliyochapwa kwenye bloku ya injini na uilinganishe na ile iliyo kwenye kadi ya gari. Zikitofautiana, injini ilikwisha kubadilishwa, na muuzaji akamilishe marekebisho ya kadi TRA kabla hujalipa.